Muulizeni Fundi Saa

Fundi saa anadai kwamba yeye alipiga kelele. Anasema alikuwa ameketi kwenye kimeza chake kando ya barabara, kioo kimebanwa jichoni, anatafuta skrubu iliyomdondokea, ndipo askari walipoteremka kwenye gari kuwaondoa watu njiani. Kulikuwa na mgeni wa serikali anapita. Fundi magodoro alikuwa anavuka, anatoka kwa mteja, fimbo yake ya kupigia pamba ipo begani na sindano ndefu imechomekwa kwenye ukosi wa shati, kama wanavyotembea mafundi wote wa kazi hiyo. Askari mmoja akasema, "Huyu ana silaha." Hapo fundi saa anadai alisimama juu ya kiti akapaza sauti: "Mwacheni! Huyo ni fundi magodoro, namfahamu!" Ila kwa sababu ya ving'ora hakuna aliyemsikia.

Habari hiyo amekwisha kuisimulia mara nyingi. Mara anasimama juu ya kiti, mara juu ya meza. Siku moja mama muuza ndimu alimwambia, "Fundi, kesho utakuwa umepanda juu ya paa." Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana nyumba ya marehemu fundi magodoro ipo papo hapo ng'ambo ya barabara, na dirisha lilikuwa wazi.

Katika nyumba hiyo walibaki mama na binti yake. Chumba cha mbele ndicho kiwanda. Magodoro ya watu huletwa yakiwa yamekuwa mawe, binti huyafumua, pamba huanikwa kwenye mkeka uani, kisha hupigwa kwa fimbo mpaka ifufuke. Kazi ya kupiga ni ya watu wawili. Mmoja anashusha, mwingine anainua, kama watwangao kinu kimoja, wasigongane. Binti alikuwa akipiga na kaka yake, halafu yeye ndiye anayeshona. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mshonaji. Baada ya kaka kufa aliendelea kupiga peke yake, na baada ya kila pigo alisubiri kidogo, akaiacha nafasi ya fimbo ya pili ipite, ndipo akapiga tena. Mama yake alimwona.

Shida yao ilikuwa moja: hawakupewa mwili. Mama na binti walikwenda kituoni wakamkuta mkuu wa kituo anakunywa chai. Akawaambia marehemu alianguka kwenye ngazi.

"Ngazi ipi, baba?" mama akauliza. "Kituo chenu hakina ghorofa."

"Mama, usinifundishe kituo changu."

"Sikufundishi. Nataka mwanangu nimzike."

Mkuu wa kituo akaweka kikombe chini. Akaeleza kwamba marehemu alikamatwa na silaha, na mwili wa mtu mwenye silaha ni kielelezo, hautoki hospitali. "Lakini mimi si mtu mbaya. Nileteeni shahidi mmoja, mmoja tu, aje asimame hapo uliposimama, aseme kile hakikuwa silaha. Mwili mnachukua siku hiyo hiyo." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kuku haoti meno.

Wakarudi moja kwa moja hadi kwenye meza ya fundi saa.

"Mama yangu, hilo tu?" akasema fundi saa. "Naja. Nimalize saa hii ya watu."

Saa ya watu haikwisha. Kesho yake alikuwa na mguu unaomuuma. Keshokutwa alikuwa na mgeni. Kila jioni alisimulia tena, na kwa sauti zaidi, jinsi alivyopiga kelele.

Jambo la misumari lilianzia kwa seremala. Alikuwa anatengeneza jeneza, kwa kuwa mama alisema mwanawe lazima atatoka tu, na sanduku limkute tayari. Seremala akaweka msumari, akashusha nyundo. Msumari ukasema kwa sauti ya marehemu, "Afande, mimi ni fundi magodoro." Seremala akautazama. Ulikuwa umenyooka. Akapiga pigo la pili. "Hii ni fimbo ya kazi." Akapiga la tatu. "Muulizeni fundi saa pale." La nne na la tano yalikuwa ya kumwita mama. Baada ya hapo misumari ikakaa kimya kwa muda mrefu, seremala akapigilia upande mzima bila kusikia neno, mpaka ikaanza tena mwanzo: "Afande, mimi ni fundi magodoro."

Alimaliza jeneza, akalipiga msasa.

Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa hivyo mji mzima, na wiki iliyofuata nchi nzima, ambayo si kubwa. Mtu akipiga chafya mpakani huku, wa mpakani kule anamwambia pole. Chochote kilichopigwa kilisema. Mfupa wa muuza nyama ulisema chini ya shoka, na nyama ya mfupa ikaadimika. Muoka mikate aliacha kuubamiza unga mezani, akawa anaukanda polepole kama anayemkanda mgonjwa. Mikate ikawa mizito. Watu waliacha kubisha milango, wakarudia kuita hodi kwa kinywa. Mpira ulisema ukipigwa, na golikipa mmoja alisimama wima akautazama unaingia, kwa kuwa alisoma darasa moja na marehemu. Hakuna aliyemlaumu. Walimu waliweka fimbo juu ya kabati. Makofi nayo yalihesabiwa kuwa ni kupiga, basi viongozi wakahutubia bila kupigiwa makofi, wakazoea.

Kulikuwa na bwana mmoja karani, mpole, anayewasalimia wakubwa kwa wadogo. Asubuhi moja mtaa mzima ulisikia kupitia ukuta wa nyumba yake: "Afande, mimi ni fundi magodoro. Hii ni fimbo ya kazi." Waliokuwa wanapiga mswaki uani walisimama na miswaki mdomoni. Kabla ya saa nne mke wake alipita na mtoto mgongoni na begi kichwani, watu wakampisha njia.

Hakuna aliyeuliza msumari unawezaje kusema. Kilichowatia watu ganzi ni maneno yenyewe. Hapo mwanzo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Pengine kijana alijibu vibaya. Pengine alikimbia. Siku hizi vijana nao. Sasa kila aliyetundika picha ukutani alisikia kwamba hakujibu vibaya wala hakukimbia. Alitaja kazi yake, akaeleza fimbo yake, akamtaja mtu wa kuulizwa. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyesema vijana siku hizi, alipigilia msumari mmoja wa kalenda, akakaa kitandani na nyundo mkononi mpaka chakula kikapoa.

Fundi saa aliposikia ametajwa, mwanzoni alivimba kichwa. "Mnaona? Mimi ndiye shahidi. Ananitaja mimi, hamtaji mwingine."

"Basi nenda," akasema mama muuza ndimu.

"Nitakwenda. Kwani kituo kinahama?"

"Kituo hakihami, ila maiti inaoza."

Fundi saa akarudisha kioo jichoni. Watoto walikuja na mchezo wa kuigonga meza yake kwa kokoto, mara tatu, meza ikasema, "Muulizeni fundi saa pale," kisha wakakimbia. Akatandika gunia juu ya meza. Gunia nalo likasema, kwa sauti iliyofifia kidogo.

Siku moja mama wa marehemu alikwenda kwa seremala kulitazama jeneza. Akamkuta anaunga kabati la mtu. Seremala, kwa adabu, alitaka kuacha, mama akamwambia aendelee, kazi ni kazi. Msumari ukasema yote mpaka kumwita mama, na mama akaitika, "Abee, mwanangu," kama anavyoitika mtu aliye jikoni. Kisha kikaja kile kimya. Seremala akaongeza mwendo, akapigilia mbiombio, vipande vinne, vitano.

"Mbona sasa unakwenda haraka?" mama akauliza.

"Ndiyo mapumziko haya, mama. Mafundi wote tunayangoja. Hapa hasemi, mtu unamaliza kazi."

Mama akamtazama mkono unavyopanda na kushuka.

"Hapa bado walikuwa wanampiga," akasema.

Seremala aliiacha nyundo hewani. Alitazama msumari, akatazama ile misumari mingine yote aliyopigilia kwenye kimya, safu nzima, na jeneza kule pembeni alilolimaliza kwa raha. Akaketi kwenye vumbi la mbao. Habari ikatoka hapo ikaenda kwa waashi, ikaenda kwa mafundi bati. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekiita kimya kile mapumziko. Kazi walifanya, kwa kuwa nyumba lazima ziezekwe, lakini kimya kilipofika walivua kofia, na mmoja wao, fundi bati hodari, alishuka kutoka juu ya paa akatapika.

Serikali ikatoa msemaji wake redioni. Alisema sauti hiyo inachunguzwa na wataalamu, wananchi wapige vitu taratibu. Akasema, "Nataka nirudie, hakuna raia aliyepigwa," na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusisitiza, akaigonga meza. Nchi nzima ilisikia meza ikijibu. Mara ya pili alipokuja redioni walimwekea mto mbele yake. Alisisitiza alivyopenda, na mto haukusema kitu. Ulikuwa mto wa pamba.

Hivyo ndivyo mkuu wa kituo alivyokuja kwa Mshonaji.

Alikuja mchana, na askari wawili, wakaita hodi kwa kinywa kama watu wote. Mshonaji alikuwa uani anapiga pamba. Mkuu wa kituo akasimama kumtazama. Fimbo ilishuka, ikasubiri, ikashuka. Pamba haikusema lolote, na haikuwa imesema lolote tangu mwanzo. Watu wote walimsikia kaka yake kwenye masufuria na milango yao, isipokuwa yeye aliyeshinda na fimbo mkononi kuanzia asubuhi. Akitaka kumsikia ilimbidi aende kugonga ukuta wa jirani.

"Binti, hujambo."

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Nina kazi ya kukupa." Akamwashiria askari mmoja, naye akatoa kirungu akakilaza kwenye mkeka, juu ya pamba. "Nataka vishonewe foronya. Kitambaa kigumu, pamba ishindiliwe vizuri, na mdomo ufungwe usifunguke. Virungu vyote vya kituo."

"Vinaumwa?" Mshonaji akauliza.

Askari mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Vinasema sana," akajibu mkuu wa kituo. "Juzi vijana wangu walikuwa stendi wanatuliza watu. Kabla hawajafika pigo la tatu watu wa soko zima wamekwisha jua walipo na wanafanya nini. Mtu hawezi kufanya kazi hivyo."

Mama akatoka ndani, anafuta mikono. Alikuwa amesikia.

"Na mwanangu?"

Mkuu wa kituo alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Mimi na nyinyi tusisumbuane na mambo ya mashahidi. Binti anishonee, mwili unatoka. Hakuna ngazi, hakuna silaha, hakuna maneno. Mnazika."

"Ukipata hizo foronya, utampiga mwingine," mama akasema.

"Nisipozipata pia nitampiga, mama, ila kwa kelele." Alisema kama anayeeleza bei ya saruji. "Jibu nalitaka kesho."

Walipoondoka, Mshonaji alikwenda tena kwenye meza ya fundi saa. Hakusimulia kirefu. Akamwambia, "Kaka, ukienda leo kusema, sitashona. Ni maneno mawili tu. Si silaha." Fundi saa alikuwa amefungua saa ya mtu, magurudumu yake madogo yametapakaa kwenye gunia. "Dada yangu," akasema, "unaona nilivyo hapa. Nikiinuka sasa, yatapotea." Mshonaji akasubiri. Fundi saa akayaokota magurudumu moja moja kwa koleo, akayarudisha ndani, akafunga kifuniko, kisha akakifungua tena.

Jioni mama akasema, "Shona."

"Mama."

"Najua. Shona. Nimechoka kumwitikia akiwa kwenye misumari ya watu."

Mshonaji akashona kwa kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe, kile cha magodoro, kwa kuwa ndicho kigumu alichokuwa nacho. Alishindilia pamba, akapitisha sindano ndefu, akafunga vifundo kila baada ya upana wa vidole vinne kama alivyofundishwa na kaka yake, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Hakujua kushona vibaya. Alijaribu, kwenye foronya ya kwanza aliacha mshono wazi, halafu mkono ukarudi wenyewe ukaufunga. Askari walipokuja kuchukua, mmoja alikipiga kiganja chake kwa kirungu kilichovikwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi, dada," akasema.

Mwili ukatoka, kwa sharti kwamba uzikwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajawa wengi. Watu walikuwa wengi hata hivyo. Walifika wakakuta kaburi bado halijaanza kuchimbwa, kwa sababu taarifa ilichelewa na ardhi ya pale ni kavu. Jeneza likawekwa pembeni juu ya mbao mbili. Askari walijipanga upande wa pili, foronya zao za mistari zimenyooka, mtu asiyejua angedhani wamekuja na mito ya kulalia.

Jembe la kwanza liliposhuka, ardhi ikasema, "Afande, mimi ni fundi magodoro."

Wachimbaji hawakusimama. Wote walikuwa watu wazima na walijua itakuwa hivyo. "Hii ni fimbo ya kazi." Udongo ukatupwa kando. "Muulizeni fundi saa pale." Hakuna aliyegeuza kichwa kumtazama fundi saa, aliyekuwa amesimama nyuma ya seremala kwa kuwa seremala ni mrefu. Ardhi ikamwita mama, na mama akaitika. Kisha kikaja kimya, na wanaume wakavua kofia, na majembe yakaendelea kushuka na kupanda, na kilichosikika ni udongo tu na mtoto wa mtu anayekohoa. Kimya kile kilichosha. Wanawake wawili waliketi chini. Kikapita, sauti ikaanza tena mwanzo.

Iliporudi mara ya tatu au ya nne, mama muuza ndimu alitoka kwenye kundi akawaendea askari.

"Si mmeambiwa mumuulize?" akasema. "Muulizeni basi! Yule pale, nyuma ya seremala! Mnaogopa nini, na mito yenu hiyo?"

Askari akampiga. Kisha mwenzake akampiga. Hakuna kilichosema. Alilia kwa sauti yake mwenyewe tu, na hiyo watu walikuwa wamezoea kuisikia kwa muda mrefu, kiasi kwamba waliokuwa mbali hawakujua kuna kinachoendelea, waliendelea kutazama kaburi. Waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, mikono mdomoni. Mshonaji alikuwa karibu. Aliona kifundo chake cha tatu kutoka mwisho kinavyoshuka. Kilikuwa kimeshika vizuri. Pamba haikusogea hata kidogo. 

Ndimu mbili zilimtoka mama yule kwenye upindo wa kanga, zikabiringika hadi kwenye udongo uliochimbwa. Seremala akaenda akamwinua, akamweka kwenye kivuli cha jeneza. Na kwa kuwa seremala alitoka pale alipokuwa, fundi saa akabaki wazi, mbele ya watu wote na mbele ya askari.

Mama wa marehemu akatembea hadi alipo. Alikwenda polepole, anashika magoti. Mkuu wa kituo alimtazama, hakumzuia. Wachimbaji wakashusha majembe, wakayaegemea.

"Fundi," akasema mama.

"Naam, mama."

"Hawa hawatakuuliza. Hata wangelala hapa mwaka mzima hawatakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza mimi, na wao wako hapo wanasikia. Sitaki ya kupanda kwenye kiti. Sitaki mambo ya kelele. Waambie hawa mabwana, mwanangu alikuwa anafanya kazi gani, halafu nimzike."

Fundi saa alifungua mdomo. Jasho lilimtoka kwenye ile alama ya duara aliyoachiwa na kioo pembeni ya jicho. Askari mmoja alihamisha kirungu kutoka mkono huu kwenda ule, bila haraka, kama mtu anayehamisha mwavuli.

Mama alisubiri. Watu wote walisubiri. Mchimbaji naye alisubiri, tena kwa muda mzuri, mkono juu ya mpini. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na kaburi lilikuwa bado halijafika kina chake, akainua jembe.